Wimbo wa Celia Cruz Ukipigwa Parklands

Jioni nikitoka kazini hupitia darasa la salsa hapa Parklands, Nairobi, karibu na Diamond Plaza. Wengi wetu hatujui Kihispania, kwa hiyo wimbo "Yo viviré" ukipigwa huwaeleza wenzangu habari zake. Mwimbaji wa salsa Celia Cruz aliutoa mwaka 2000, kwa muziki wa wimbo uliovumishwa na Gloria Gaynor. Gaynor aliimba juu ya mpenzi aliyemtupa. Celia akaingiza maisha yake mwenyewe, uhamisho na sauti isiyonyamaza. Aliondoka Kuba mwaka 1960, na mama yake alipofariki serikali ikamzuia kurudi kumzika. Ugenini alibadilika, lakini weusi wake hakuuficha kamwe. Dada unayecheza nyuma kwa haya, msikilize Celia, kisha njoo mbele.