Kamera Ndogo ya Dijitali: Vitufe, Alama na Uamuzi wa Mpigapicha

Mtahiniwa, kifungu hiki ni mfano wa maandishi ya kufafanua kifaa. Kisome mara mbili: mara ya kwanza upate wazo kuu, mara ya pili uweke alama kwenye hoja ya kila aya. Mwishoni yapo maswali ya ufahamu, ufupisho, uundaji wa maneno na utungaji.

Utangulizi

Kamera ya dijitali ni kifaa kinachopokea mwanga kupitia lenzi, kikaugeuza kuwa umeme kwa kutumia kihisi, kisha kikahifadhi picha kwa mfumo wa tarakimu kwenye kadi ya kumbukumbu. Mwaka 1975 nchini Marekani, Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera ya mwanzo ya aina hiyo. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Leo kamera ndogo inayoenea mfukoni hupiga picha ya nukta milioni kumi na zaidi, na kuihifadhi kwa muda mfupi sana.

Urahisi huo umewafanya wengi waamini kwamba kupiga picha ni kubonyeza kitufe kimoja. Sivyo. Kamera hukadiria, lakini anayeamua ni mpigapicha. Siku ya mahafali mwanafunzi hupokea cheti mara moja tu. Picha ikitoka na uso mweusi tii, au ikatoka imetikisika, hakuna atakayemrudisha mgeni rasmi jukwaani ili tendo lirudiwe. Kwa hiyo, anayekabidhiwa kamera ya shule au ya familia anapaswa kujua kila kitufe kinauliza nini na yeye ajibu nini.

1. Sehemu ya juu ya kamera

Kwa kawaida sehemu ya juu ina vitu vinne: kitufe cha kuwashia, kitufe cha kupigia picha, kiwiko cha zumu na gurudumu la kuchagulia hali.

(a) Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, kamera hupima mwanga na kufokasi, yaani hurekebisha lenzi ili kitu kilicholengwa kionekane wazi. Kwenye skrini hutokea fremu ndogo ya kijani, na kamera nyingi hutoa mlio. Ukiiona fremu hiyo, malizia kubonyeza taratibu. Anayekandamiza kitufe mara moja mpaka mwisho huinyima kamera nafasi ya kufokasi, tena huitikisa. Hili ndilo jambo la kwanza la kujizoeza.

(b) Kiwiko cha zumu huzunguka kitufe hicho na kina herufi mbili. Upande wa W huonyesha eneo pana. Upande wa T huvuta kitu cha mbali kionekane karibu. Zumu ya lenzi husogeza vioo vya lenzi na kuuacha ubora wa picha mahali pake. Zumu ya dijitali hukata kipande cha picha na kukikuza, kwa hiyo picha hupoteza ubora. Ukiweza, sogea kwa miguu badala ya kuitumia hiyo ya pili.

(c) Gurudumu la hali lina michoro. Neno AUTO lina maana kwamba kamera inaamua karibu kila kitu. Mchoro wa mlima ni wa mandhari ya mbali, kama Milima ya Matogoro. Mtu anayekimbia ni hali ya michezo: kamera hufupisha muda wa kupokea mwanga, kwa mfano 1/500 ya sekunde, ili mchezaji aliye mbioni katika Uwanja wa Majimaji aonekane kama amesimama. Mwezi au nyota ni hali ya usiku: muda huwa mrefu, hivyo kamera inahitaji kuegemezwa juu ya meza au ukuta. Katika baadhi ya kamera michoro hii haipo kwenye gurudumu bali ndani ya menyu.

2. Sehemu ya nyuma ya kamera

Hapa kuna skrini na vitufe vya kuongozea. Kitufe kikubwa cha mduara hubonyezwa pande nne, na katikati kina OK au SET cha kukubali uamuzi. Mpangilio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini alama zinafanana:

- Umeme wa radi: flashi.
- Ua: kupiga kitu kilicho karibu sana, kama mdudu au ukurasa wa daftari, hata kwa umbali wa sentimita chache.
- Saa: kamera husubiri sekunde 2 au 10 kabla ya kupiga. Sekunde 10 humwezesha mpigapicha kuingia kwenye kundi. Sekunde 2 huzuia mtikisiko wa kidole.
- Jumlisha na kutoa: kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha.
- Pembetatu: kutazama picha zilizokwisha kupigwa.
- Pipa la taka: kufuta picha.

Skrini nayo huzungumza. Mkono unaotetemeka ni onyo kwamba mwanga ni hafifu na picha itatikisika. Betri yenye rangi nyekundu inakaribia kuisha. Namba iliyo pembeni huonyesha idadi ya picha zinazoweza kuingia kwenye nafasi iliyobaki ndani ya kadi.

3. Makadirio ya kamera na namna ya kuyasahihisha

Kamera haijui kama inatazama harusi au msiba. Hupima mwanga wa eneo lililo mbele yake, ikachukulia kwamba ukichanganya penye mwanga na penye giza utapata mwangaza wa wastani, kama rangi ya kijivu. Mara nyingi makadirio hayo hufaa. Lakini fikiria wanafunzi waliovaa mashati meupe, wamesimama mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana. Kamera huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Matokeo yake mashati huwa ya kijivu, na nyuso za watu weusi huzama gizani. Jambo hilohilo hutokea mtu akisimama dirishani au akiwa na anga angavu nyuma yake.

Yapo masahihisho matatu:

Kwanza, tumia alama ya jumlisha na kutoa. Kila +1 huongeza mwanga maradufu. Kila -1 huupunguza kwa nusu. Anza na +1, piga, kisha tazama. Uso ukionekana vizuri na mikunjo ya shati bado ipo, umefaulu. Mikunjo ikipotea na shati likabaki doa jeupe, umezidisha.

Pili, washa flashi hata mchana. Wengi hudhani flashi ni ya usiku tu, kumbe jua la utosini huacha kivuli machoni, hasa kwa aliyevaa kofia. Flashi huondoa kivuli hicho. Hata hivyo, flashi ya kamera ndogo hufika mita chache tu. Kuiwasha ukiwa nyuma ya ukumbi kwa matumaini ya kumulika jukwaa ni kupoteza betri bure.

Tatu, badilisha ISO. Hiki ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Juani 100 inatosha. Ndani ya ukumbi unaweza kuhitaji 800. Ukipandisha sana, picha hujaa chengachenga. Basi pandisha kwa kadiri ya haja tu.

Chukua mfano wa ziara ya kimasomo katika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kabla ya kugusa kitufe chochote, omba ruhusa kwa wahudumu. Ukiruhusiwa, na kitu unachotaka kupiga kikiwa nyuma ya kioo, zima flashi, kwa sababu mwanga wake hurudi na kuacha doa jeupe katikati ya picha. Pandisha ISO, bana viwiko vyako ubavuni, kisha bonyeza taratibu.

4. Kutunza picha

Ndani ya menyu kuna maneno mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Kufuta huondoa picha uliyoichagua. Kufomati husafisha kadi nzima, zikiwemo picha za sherehe ya jana ambazo hazijahamishiwa kwenye kompyuta. Kamera huuliza swali la uthibitisho kabla ya kufomati; lisome mpaka mwisho kabla ya kubonyeza OK. Kadi nyingi zina kifunguo kidogo ubavuni: kikiwa upande wa LOCK, kamera haiwezi kuandika wala kufuta. Kabla ya shughuli, chaji betri, kagua nafasi iliyobaki, na piga picha moja ya majaribio mahali penyewe.

Hitimisho

Kamera ndogo ina vitufe vichache, na vingi vinarudi kwenye maswali matatu: mwanga uwe kiasi gani, uingie kwa muda gani, na kitu gani kionekane wazi. Anayeyajua maswali hayo anaweza kushika kamera ya kampuni yoyote na kuielewa kwa dakika chache. Baada ya mtihani wa Novemba wengi wenu mtakaa nyumbani mkisubiri matokeo. Kijana anayeaminika kwa picha za kipaimara au harusi anaweza kujipatia nauli na mahitaji madogo. Ila akumbuke kwamba familia iliyomlipa haitakuwa na siku nyingine kama hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Wazo kuu la kifungu hiki ni lipi?
2. Kwa nini kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili?
3. Taja tofauti moja kati ya zumu ya lenzi na zumu ya dijitali.
4. Eleza kwa nini mashati meupe husababisha nyuso kutoonekana vizuri, kisha toa njia mbili za kurekebisha.
5. Maneno *menyu* na *mpigapicha* yameundwa kwa njia tofauti. Itaje kila njia na utoe mfano mwingine mmoja wa kila moja.
6. Fupisha sehemu ya 3 kwa maneno yasiyozidi 70.
7. Kwa kufuata mfano wa kifungu hiki, andika insha ya maneno 250 hadi 300 ukifafanua kifaa kimoja kinachotumika nyumbani kwenu.