Majaaliwa na Hiari katika Mfalme Edipode

Utangulizi

Tanzia za Ugiriki ya kale huenda ukakutana nazo kwanza katika somo la Kiingereza. Hata hivyo, maswali zinayoibua ni yale yale unayoulizwa katika fasihi ya Kiswahili: mhusika ana dosari gani, kinaya kimejengwaje, na nani wa kulaumiwa? Hapa tutaangazia tamthilia ya Sophocles ya karne ya 5 K.K. kuhusu Oedipus, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri mwaka wa 1971 kwa jina Mfalme Edipode.

Usuli wa matukio

Laius, mfalme wa Thebes, alitabiriwa kwamba mwanawe angemuua. Mtoto alipozaliwa alitobolewa vifundo vya miguu, akakabidhiwa mchungaji akatupwe mlimani. Mchungaji alimhurumia, na mtoto akaishia kulelewa na mfalme wa Korintho. Alipokua, Oedipus aliambiwa huko Delphi kwamba angemuua babake na kumwoa mamake. Akaihama Korintho ili asiwadhuru waliomlea. Kwenye njia panda aligombana na mzee mmoja akamuua. Kumbe ndiye Laius. Alipofika Thebes alitegua kitendawili cha Sfinksi, akatawazwa na kumwoa Jocasta, mjane wa mfalme.

Je, majaaliwa ndiyo yaliyomwangamiza?

Ni rahisi kujibu "ndiyo" na kuishia hapo. Jibu hilo ni nusu tu. Utabiri ulitaja mambo mawili: kumuua baba na kumwoa mama. Yote mawili yametendeka kabla ya onyesho la kwanza. Haukusema kwamba Oedipus angeugundua ukweli, wala kwamba angejitoboa macho. Tunachoshuhudia jukwaani ni maamuzi yake mwenyewe:

(i) Tauni inapoulemea mji, anaapa kumsaka muuaji wa Laius. Anamlaani hadharani, hata akipatikana katika nyumba yake mwenyewe.

(ii) Nabii Tiresias anakataa kusema. Oedipus anamshurutisha, kisha anamshutumu yeye pamoja na Creon kwa njama ya kumpindua.

(iii) Jocasta anapong'amua ukweli anamsihi aache kuuliza. Mchungaji naye anamwomba vivyo hivyo. Anakataa.

(iv) Anajitoboa macho. Anakiri kwamba masaibu yake yalitoka kwa Apolo, ila mkono uliomchoma ni wake.

Zingatia kwamba sifa yake na dosari yake ni kitu kimoja. Ari ya kutafuta ukweli iliyomshinda Sfinksi ndiyo inayomwangamiza. Lakini bila ari hiyo, muuaji asingejulikana na mji usingeweza kuepukana na tauni. Ndiyo maana kuandika tu "ana kiburi" hakutoshi. Mwanafalsafa Aristotle alieleza kuwa shujaa wa tanzia huanguka kwa sababu ya hamartia, yaani kosa, kama mpiga mshale anavyoikosa shabaha. Si lazima awe mwovu.

Kinaya

Hadhira ya Sophocles iliijua hadithi hii tangu awali. Kwa hivyo, Oedipus anapomlaani muuaji, hadhira inajua anajilaani mwenyewe. Tiresias ni kipofu lakini anauona ukweli; Oedipus ana macho lakini haoni, na anapouona anayapoteza. Vilevile, mjumbe wa Korintho anamwambia kwamba hakuzaliwa na mfalme wa huko ili amwondolee hofu ya utabiri. Habari hiyo hiyo ndiyo inayomfichua.

Zoezi

"Oedipus ndiye chanzo cha maangamizi yake." Jadili. (alama 20)

Kidokezo: Usiegemee upande mmoja. Eleza yaliyoamuliwa kabla hajazaliwa, kisha yale aliyoyachagua mwenyewe, ukitolea kila hoja mfano kutoka kwenye tamthilia. Hitimisha kwa kutoa msimamo wako. Jiulize pia: angemsikiliza Jocasta na kunyamaza, Thebes ingekuwaje?