Tingatinga sio trekta tu: mchoraji wa Tunduru na ng'ombe wa Uholanzi



Hapa mtaani Nkuhungu, Dodoma, nina mshikaji anachora vibao vya saluni na magenge. Akikosa kazi anachora Mlima Kilimanjaro, chini yake tembo na Wamasai wawili wameshika mikuki. Siku moja nikamchokoza: "Wewe Kilimanjaro umeiona lini? Hata Moshi hujafika!" Watu wakacheka, jamaa akanyamaza. Baadaye roho ikanisuta, maana hata mimi sikujua picha za aina hii zimeanzia wapi. Ikabidi nisome. Niliyoyakuta ni haya.

Tuanze na jina. Ukisema tingatinga, wengi wetu tunawaza trekta. Kumbe ni jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini. Chuo cha uchoraji hakukiona. Kama vijana wengi wa kusini enzi hizo, alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, halafu akaibukia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za nyumbani kwa Mzungu na vibarua vya hapa na pale. Kuchora alianza mwaka 1968, tayari ni mtu mzima.

Turubai hakuwa nayo. Alichukua hadibodi, zile za kupigia dari, akazikata mraba, kama futi mbili kwa mbili. Rangi yake ilikuwa ile ya kupakia baiskeli, ndiyo maana picha zinang'aa vile. Mnyama mmoja mkubwa, ndege, majani, basi. Zilipangwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali Wazungu walipokuwa wakifanya manunuzi, na mkewe, Agatha Mataka, alikuwa akiziuza. Biashara ikachanganya, akawachukua vijana, wengi wao ndugu na jamaa zake: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Abdallah Ajaba.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Akafa. Yaani kazi yote iliyolipa jina lake umaarufu aliifanya kwa miaka minne tu! Vijana wake hawakuacha. Waliendelea kuchora, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kilichosajiliwa. Leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Hata zile katuni za watoto, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010, zilichukua mtindo huo na jina hilo.

Sasa turudi kwa mshikaji wangu. Je, kuchora mahali ambapo hujafika ni uongo?

Katika kusoma nikakutana na Waholanzi wa miaka ya 1600. Nchi yao ni tambarare, mawingu kibao. Wachoraji wao kadhaa walikwenda Italia, wakarudi na picha za milima na jua la jioni, na wenye hela wa kwao wakazinunua. Mmoja alikuwa Jan Both wa mji wa Utrecht, aliyerudi kutoka Roma. Mwingine, Aelbert Cuyp wa Dordrecht (1620–1691), Italia hakuwahi kutia mguu. Aliiona kwenye picha za wenzake, kama Both. Hakufika, kama mshikaji wangu asivyofika Moshi. Na bado leo picha zake zimetundikwa National Gallery, London.

Lakini angalieni alichofanya. Lile jua la dhahabu la Italia alilichukua, akawamwagia ng'ombe wa kwao, wamelala kando ya mto wa kwao. Mwanga wa kuazima, ng'ombe wa nyumbani. Nadhani siri yake iko hapo. Kuazima sio dhambi. Hasara ni kuazima mwanga na ng'ombe pia!

Sisi wa Dodoma hatujakosa cha kuchora. Kule Kolo, Kondoa, watu wa kale walichora kwenye miamba twiga, tembo na watu wenyewe, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka michoro hiyo kwenye urithi wa dunia. Wale hawakumwangalia mtalii, walichora yaliyokuwa ya kwao. Na sisi tuna mibuyu, mizabibu, mlima Mlimwa na mawe yake, vumbi jekundu la saa kumi na moja jioni, ng'ombe wa Wagogo wakirudi zizini. Hebu fikiria hayo kwa rangi ya baiskeli!

Nilikwenda kumwomba radhi mshikaji, nikamsimulia habari za Cuyp na ng'ombe wake. Alisikiliza huku anamalizia kibao cha saluni. Akaniuliza: "Sawa kaka, na huyo ng'ombe wa Kigogo nani atamnunua? Kilimanjaro angalau mgeni anaijua."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anichoree mmoja, nilipe mwenyewe. Kashaanza, na pembe tayari zinaonekana. Lakini mteja mmoja hamlishi mtu. Wadau, nyie mngenunua? Na kama hapana, mnataka ukutani kwenu kuwe na nini? Karibuni tujadili.