Somo la 12: Chujio la Hewa la Pikapu

Katika somo la upumuaji tulijifunza kwamba pua ina vinyweleo na ute ambavyo huzuia vumbi lisifike mapafuni. Injini ya gari nayo huvuta hewa, na nayo huhitaji kinga. Leo tutachunguza pikapu ibebayo mazao na watu katika barabara za vumbi. Mara nyingi gari la namna hii ndilo humpeleka mgonjwa hospitalini. Injini yake ikifa, kijiji kizima hupata taabu. Hebu tuone jinsi hewa safi inavyoilinda.

Kwa nini injini huhitaji hewa?

Mshumaa unaowaka ukifunikwa kwa glasi, huzimika baada ya muda mfupi. Moto huhitaji oksijeni, na oksijeni ni kama sehemu moja katika kila sehemu tano za hewa. Petroli huungua ndani ya silinda za injini. Kwa hiyo nayo huhitaji hewa.

Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue vizuri. Lita 1 ya petroli ina uzito wa robo tatu za kilo. Kwa hiyo huhitaji kilo 11 hivi za hewa, ambazo ni kama lita 9,000. Hewa hiyo ingejaza mapipa 45 ya lita 200 kila moja! Hewa yote hiyo huvutwa kutoka barabarani, pamoja na vumbi lake.

Vumbi hudhuru injini namna gani?

Ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka mara nyingi kwa dakika. Pistoni imezungushiwa ringi za chuma zinazogusa ukuta wa silinda, na oili hulainisha mwendo huo. Vumbi la barabarani huwa na chembe za mchanga. Chembe hizo zikichanganyika na oili, hufanya kazi kama msasa: hukwaruza ringi na ukuta wa silinda. Nafasi kati yake huongezeka, oili hupenya na kuungua, na gari hutoa moshi wa buluu. Nguvu za injini hupungua, na kuitengeneza hugharimu fedha nyingi.

Jaribio la 1: Ugumu wa mchanga

Vifaa: chupa nzima iliyo kuukuu, mchanga mkavu, kitambaa.
Hatua: Weka mchanga kidogo juu ya kitambaa. Sugua ubavu wa chupa kwa dakika mbili. Kisha osha chupa na uitazame kwenye mwanga.
Utaona nini? Chupa ina mikwaruzo. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, na pia ni mgumu kuliko chuma cha silinda.

Kazi mbili za chujio

Kabla hewa haijaingia katika injini, hupita katika chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina. Chujio lina kazi mbili zinazopingana: lazima lizuie vumbi, na lazima lipitishe hewa nyingi bila shida. Kitambaa kizito huzuia vumbi lakini huibana hewa. Wavu wenye matundu makubwa hupitisha hewa, lakini vumbi nalo hupita.

Magari mengi hutumia chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa. Kwa nini imekunjwa? Tufanye hesabu. Chujio moja lina urefu wa sentimeta 25 na mikunjo 50. Kila mkunjo una pande mbili, na kila upande una sentimeta 3. Karatasi yote ikinyoshwa ina urefu wa sentimeta 300, yaani mara 12 ya urefu wa chujio. Hivyo hewa hupata nafasi pana ya kupita, ingawa matundu ya karatasi ni madogo mno.

Kuchagua chujio

Kuna aina tatu zinazojulikana sana.

(a) Chujio la karatasi. Hunasa vumbi laini vizuri sana. Likichakaa au kutoboka hutupwa, na jipya hununuliwa.

(b) Chujio la bakuli la oili. Lilitumika katika magari mengi ya zamani, kama vile Land Rover za kwanza. Hewa hushuka kwa kasi kuelekea oili, kisha hugeuka ghafla na kupanda. Chembe nzito za vumbi hushindwa kugeuka, nazo hutumbukia katika oili. Chujio hili huoshwa na kutumiwa tena, lakini halinasi vumbi laini kama karatasi.

(c) Chujio la sponji au pamba iliyopakwa oili. Huoshwa na kutumiwa tena, na hupitisha hewa kwa urahisi. Lakini kwa kawaida huruhusu vumbi laini zaidi kupita kuliko karatasi. Oili yake ikikauka, kinga hupungua.

Dereva wa barabara ya lami anaweza kuchagua mojawapo. Dereva wa barabara ya vumbi achague lile linalozuia vumbi vizuri zaidi, na lienee barabara katika nyumba yake. Mwanya mdogo ubavuni mwa chujio hupitisha vumbi bila kuchujwa.

Kubadili njia ya hewa

Madereva wengine hutoboa nyumba ya chujio ili injini ipate hewa nyingi na nguvu zaidi. Je, hilo ni jambo la busara? Tundu likiwa baada ya chujio, vumbi huingia moja kwa moja katika injini. Likiwa kabla ya chujio, injini huvuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti. Hewa ikipata joto hutanuka. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 za Selsiasi ina uzito wa gramu 1,160 hivi. Ikifika nyuzijoto 60 hubaki gramu 1,060 hivi. Oksijeni nayo hupungua, na nguvu hazipatikani.

Njia iliyo bora ni kuvuta hewa mahali palipo safi na baridi. Vumbi ni zito zaidi karibu na ardhi. Kwa sababu hiyo pikapu nyingine hufungwa bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Viungo vyote vya bomba hilo lazima vizibwe vizuri. Bomba halimpi dereva ruhusa ya kuvuka mto uliofurika, kwani maji yaendayo kasi huweza kulichukua gari lenyewe.

Kulitunza chujio

Chujio la karatasi lisioshwe kwa maji wala kupigwapigwa kwa nguvu. Vumbi lipulizwe polepole kutoka upande wa ndani kwenda nje. Kisha liangaliwe kwa tochi: mwanga ukipenya katika tundu, hata likiwa dogo kama ncha ya sindano, chujio hilo halifai tena. Chujio lililoziba kabisa pia libadilishwe, kwa maana injini inayokosa hewa hukosa nguvu.

Kumbuka: Injini hudumu kwa hewa nyingi iliyo safi. Hewa nyingi yenye vumbi huiua.

Mazoezi

1. Chujio la hewa linafanana na sehemu gani ya mwili wako? Eleza.
2. Pikapu imetumia lita 10 za petroli. Imevuta lita ngapi za hewa?
3. Kwa nini karatasi ya chujio hukunjwa?
4. Dereva ameondoa chujio ili gari lipande mlima upesi. Mwandikie barua fupi umweleze madhara yatakayotokea.
5. Mwombe dereva au fundi akuonyeshe chujio lililotumika. Vumbi limejaa upande gani? Kwa nini?