Kwa nini roshani za Michenzani zimezibwa?

Ukipita Michenzani, Unguja, tazama juu: roshani hii ina grili, ile imezibwa imekuwa kama chumba.

Ghorofa hizi zilianza kujengwa enzi za Rais Abeid Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba za Ng'ambo zilivunjwa kuzipisha.

Kwenye nyumba za chini watu walizoea uani: kupika, kufua, kuanika, hata kuongeza chumba familia ikikua. Ghorofani uani hakuna, so roshani ndo imebeba kazi hiyo.

Shida iko hapa: nyumba ya chini ukibomoa vibaya, hasara yako. Ghorofani, ukuta wako huenda ndio umembeba jirani wa juu. Kabla ya nyundo, muite injinia.