Kwa nini watafiti huomba kupima jeni za mtoto kabla ya kumpa dawa ya majaribio?

Umempeleka mtoto hospitali kwa homa, na kipimo kinaonyesha malaria. Muuguzi anakueleza kuwa hapo kunafanyika utafiti wa dawa, na ukikubali, mtoto atatolewa damu kidogo ili apimwe jeni. Ni kawaida kupata wasiwasi. Mfano wa G6PD utakusaidia kuelewa kipimo hicho ni cha nini.

G6PD ni nini?

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu wake kutokana na jeni walizorithi. Wengi hawaumwi chochote na hawajui kama wanao. Tatizo hutokea wanapopata maambukizi fulani, au dawa fulani kama dapsoni na primakwini. Hapo chembe nyekundu hupasuka haraka kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine.

Jeni hii iko kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu, anayoipata kwa mama yake, ndiyo maana upungufu huu huonekana zaidi kwa wavulana. Si kosa la mama. Wanasayansi wanaamini jeni hizi zimeenea Afrika kwa sababu humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali.

Somo lililotokana na dawa moja

Mwaka 2003 iliidhinishwa dawa ya malaria iitwayo Lapdap, yenye dapsoni ndani yake. Ilikuwa ya bei nafuu na ilitibu. Baadaye, tafiti kubwa zaidi zilitenganisha matokeo kulingana na hali ya G6PD. Ikaonekana kuwa watoto wenye upungufu walipungukiwa damu kuliko wenzao, na baadhi walihitaji kuongezewa damu. Mwaka 2008 dawa hiyo iliondolewa sokoni.

Ukiwachanganya watoto wote na kutazama wastani peke yake, wengi wanaopona humficha yule anayeumia.

Utafiti unavyopangwa kwa kutumia jeni

Primakwini inatumika kuzuia malaria isienee kwa wengine. Watafiti wangeweza kuwaacha nje watoto wenye upungufu, lakini tusingejua kama dozi ndogo ni salama kwao. Kwa hiyo huko Mbale, Uganda, na Kinshasa, Kongo, waliwaingiza watoto zaidi ya 1,100 wenye malaria isiyo kali, wakapima G6PD yao. Wote walipata dawa mseto. Kisha, kwa kura, baadhi walipewa dozi moja ndogo ya primakwini na wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa. Damu yao ilifuatiliwa kwa wiki kadhaa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Watoto wenye upungufu waliopewa dozi hiyo ndogo walikuwa na kiwango cha damu karibu sawa na wenzao wenye upungufu waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Uliza haya kabla ya kusaini fomu ya ridhaa

- Mnapima jeni gani, na kwa nini?
- Je, nitaambiwa majibu ya mtoto wangu?
- Damu itakayobaki itatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani ataitumia?
- Mtoto akidhurika, nimpigie nani, na nani atagharamia matibabu?
- Nikibadili mawazo, najitoaje?

Una haki ya kukataa, na mtoto wako bado anapaswa kupata matibabu ya kawaida. Unaweza pia kuomba muda wa kushauriana na familia.

Dalili za hatari

Mtoto akishapewa dawa, iwe ya utafiti au ya kawaida, mrudishe hospitali mara moja ukiona:

- mkojo mweusi kama chai ya rangi
- macho au ngozi kuwa ya manjano
- viganja na midomo kupauka
- kuhema haraka au kulegea

Akipimwa na kukutwa na upungufu wa G6PD, omba uandikwe kwenye kadi yake ya kliniki. Ionyeshe kila mahali anapoandikiwa dawa, hata duka la dawa la mtaani.