Kanisa Lililochongwa Kuanzia Paani

Sisi tunaoishi Rungwe mwamba wa volkano si mgeni kwetu. Pale Daraja la Mungu, juu ya mto Kiwira, uji wa volkano uliganda na maji yakajitafutia njia chini yake. Wageni tunaowapeleka huko huuliza ni nani aliyejenga. Hakuna aliyejenga; mto uliondoa tu, daraja likabaki.

Kuna watu waliojenga kwa njia hiyo hiyo ya kuondoa. Kule Ajanta, India, watawa wa Kibuddha walikuwa na mahekalu na vyumba vya kuishi vilivyochongwa ndani ya genge la mwamba, mapango yapatayo 30, ya zamani kabisa yakiwa ya karne ya pili kabla ya Kristo. Wachongaji waliingia kwa ubavuni, kama mtu anayechimba pango.

Lakini huku kwetu Afrika Mashariki, katika nyanda za juu za Ethiopia, Wakristo walifanya jambo gumu zaidi. Lalibela kuna makanisa 11 ya mwamba, ambayo mapokeo yanayahusisha na mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Kijito kinachopita kati yake kinaitwa Yordani, kwa kuikumbuka Nchi Takatifu.

Tazama kanisa la Mtakatifu Georgi. Mafundi walianza juu ya ardhi, wakachimba handaki kuzunguka pande zote mpaka katikati likabaki bonge moja la mwamba lenye umbo la msalaba, kimo chake kama mita 12. Kisha wakalichonga bonge hilo kwa nje, na kwa ndani wakalitoboa: milango, madirisha, nguzo, matao. Kwa hiyo paa lilitangulia na sakafu ikaja mwisho, kinyume kabisa na tunavyojenga sisi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Fundi wa matofali akikosea ukuta anaubomoa na kuanza upya. Wa Lalibela akipiga tindo mahali ambapo nguzo ilipaswa kubaki, nguzo hiyo haipo tena, wala hakuna mahali pa kuitoa nyingine. Ilibidi kanisa zima liwe kichwani mwake kabla ya pigo la kwanza. Wenyeji husimulia kwamba malaika walikuja usiku kuendeleza kazi. Sisi tuliowahi kuchimba msingi wa kigango tunaelewa kwa nini msaada huo ulihitajika.

Padre Mreno Francisco Álvares aliyaona katika miaka ya 1520. Alipoyaandika alihofu kwamba wasomaji wake hawatamwamini.

Adui mkubwa wa makanisa haya ni maji, maana jengo lililo ndani ya shimo hukusanya mvua. Wachongaji walilijua hilo: waliacha mteremko kwenye mapaa na kuchimba mifereji ya kutoa maji kwenye mahandaki. Hata hivyo mwamba wa volkano, ulio laini kiasi cha kuchongeka, ni laini pia kwa mvua, na baadhi ya kuta zimepata nyufa. Mwaka 2008 makanisa kadhaa yalifunikwa kwa mapaa makubwa ya chuma, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Wenyeji wengi hawakuyapenda, wakihofia uzito wake na upepo. Kwa maoni yetu hofu yao ilikuwa ya haki, kwani wao ndio wanaosali chini yake. Haya si magofu ya watalii. Ni makanisa hai ya Waorthodoksi, na kila Noeli yao, Januari 7, mahujaji wenye mashuka meupe hujaa mpaka kwenye kingo za mahandaki.

Kanisa la Mtakatifu Georgi halikufunikwa. Linapokea mvua yake kama zamani, na maji yanatoka kwa mifereji ile ile.